Jaji Alikufa Siku ya Kwanza

Siku ya kwanza kabisa ya kazi, kabla hata hajayashika majina ya mafundi, Merrill Stroud aliambiwa afe.

Alilazwa juu ya kitanda cha chuma katika chumba cha hoteli ya kubandika. Ukuta mmoja haukuwepo, na mahali pake palijaa kamera, taa na wanaume wanaotafuna chingamu. Juma lililotangulia ndipo alipotoka hospitali ya milimani, kule mabwana wakubwa wa Hollywood wanakopelekwa kukaushwa pombe huku magazeti yakiambiwa kwamba wana mafua. Mikono ilimtetemeka. Jasho lilimtoka kwenye mizizi ya nywele, mpambaji akalifuta, likatoka tena. Alimwomba Mungu jambo moja tu, wasimgundue. Mkono wa kulia akauficha chini ya shuka, wa kushoto akaushikiza kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kusema maneno ya jaji mzee anayekata roho. Katikati ya maneno pumzi ikamkatikia kwelikweli, akamtazama muuguzi wa kuigiza kama mtu aliyesahau yuko wapi. Na kweli alikuwa amesahau.

"Kata," akasema mwongozaji, Leland Pruitt, kwa sauti ya chini.

Juu kwenye madaraja ya taa, fundi mmoja mwenye shingo ya fahali alikuwa akipenga kamasi kwa leso. Pruitt, mtu ambaye hakujulikana kumsifu hata mama yake mzazi, alikuja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Bwana Stroud, sijui umekitoa wapi kile. Sirudii. Moja imetosha."

Merrill akacheka kwa aibu. Yeye alijua alikokitoa. Alikitoa kwenye chupa. Ule haukuwa uigizaji, ulikuwa ugonjwa, na siri hiyo akaimeza pamoja na maji ya limau waliyomletea.

Kufa siku ya kwanza si ajabu katika mji ule. Picha haipigwi kwa kufuata hadithi, inapigwa kwa kufuata nafasi. Watu hufunga ndoa asubuhi na kutongozana mchana. Kwa hiyo Pruitt alipomwambia kwamba chumba kile lazima kibomolewe kesho yake, kwamba nafasi yake inatakiwa na picha ya maharamia, Merrill hakuuliza swali. Mtu aliyetoka shimoni haulizi bei ya kamba.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Metod Strnad, mtoto wa mfua chuma Mslovenia wa Pueblo, Colorado. Studio ilipomwokota akiwa kijana ilimng'oa meno mawili ya mbele, ikampandikizia mengine, ikampa jina ambalo kila mtu angeweza kulitamka na ikamfundisha kushika kikombe cha chai. Miaka kumi alikuwa mali. Aliigiza mabaharia, madaktari wa vita, waume wa watu. Wanawake wa Ohio walimtumia vishungi vya nywele zao kwenye bahasha. Pombe ilikuwepo tangu mwanzo, ila mwanzoni ilikuwa kichekesho. Alipotumbukiza gari kwenye bwawa la hoteli, ofisi ya habari ya studio ikaandika kwamba alikuwa akimkwepa mbwa. Alipomtupia mke wake sahani mbele za watu, ikaandikwa kwamba walikuwa wakifanya mazoezi ya mchezo. Kisha picha zake tatu zikaanguka mfululizo, na mbwa wa kukwepwa wakaisha mjini. Kila alichofanya kikaandikwa kama kilivyo. Mke akaondoka, mkataba ukafa, simu ikanyamaza. Usimlilie sana, mengi aliyataka mwenyewe. Lakini hata aliyeyataka, yakimfika anaumia.

Daktari wa milimani hakuwa na maneno mengi. "Ini lako limebaki kipande," alimwambia. "Ukilewa tena mara moja, usije kwangu. Nenda kwa mchonga majeneza."

Ndipo Pruitt alipopiga simu. Katika mji mzima ni yeye peke yake aliyepiga. Alikuwa na kisa cha jaji wa mji mdogo, aliyefukuzwa mahakamani kwa rushwa ila akakataa kulivua joho, akamfukuza binti yake kwa kumwambia ukweli, akaishia kufa katika chumba cha kupanga juu ya ukumbi wa hoteli. Na ndani ya kisa kile kulikuwa na kipande kimoja, kurasa tatu tu, ambapo jaji anamkuta binti yake chini ya ngazi za hoteli, anamwomba msamaha, kisha anapanda kwenda kufa. Merrill hakuwahi kupewa maneno kama yale. Yeye alizoea kupewa "Nibusu" na "Wafyatulieni risasi". Alipokisoma mara ya kwanza alilia jikoni, mzima, bila tone la pombe.

Kipande kile kilipangwa juma la mwisho. Basi shida yake ilikuwa nyepesi kuisema: afike juma la mwisho bila kuonja, aseme maneno yale mbele ya kamera, baada ya hapo dunia ijue kwamba Merrill Stroud si meno tu.

Aliyemsaidia kufika alikuwa Orrin Teague. Orrin alikuwa na kimo chake, mabega yake, hata upara wake wa utosini, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kusimama mahali pa Merrill, juu ya alama za chaki, wakati mafundi wanapanga taa. Taa zikishakaa sawa, Orrin anaondoka, Merrill anaingia. Watu wa studio walimwita Kivuli, naye alicheka kila walipomwita hivyo. Kila asubuhi alimfuata Merrill nyumbani kwake bondeni, kwenye kijumba cha kupanga chini ya mikalitusi, akamkaangia mayai, akamnywesha mtindi, akamwendesha hadi studio.

"Umelala?" Orrin aliuliza kila siku.

"Nimelala na macho wazi."

"Afadhali. Wengine hulala yakiwa yamefumba wakaota baa."

Majuma ya kwanza yalikuwa ya roho mkononi. Merrill aliogopa kila kitu: kikombe kulia juu ya sahani, mlango kufunguka, harufu ya losheni ya kunyolea ya mtu aliyepita. Aliogopa zaidi saa ya kula mchana, kwa sababu kwenye mgahawa wa studio watu wa meza nyingine humtazama mtu kama yeye wakisubiri. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wamewekeana dau tu ataanguka juma lipi.

Siku moja mvua ilinyesha, jambo la nadra kule, na njia ya kawaida ikajaa maji. Merrill na Orrin wakakatiza kupitia banda namba nne, lile la chumba cha hoteli. Merrill akategemea kukuta merikebu ya maharamia. Akakuta kitanda chake. Kilikuwa palepale, kimefunikwa turubai nusu, mto ukiwa na alama ya kichwa chake, saa ya ukutani ikionyesha dakika aliyokufa.

"Mbona hakijabomolewa?" akauliza.

Orrin akavua kofia, akaikung'uta mvua, akaivaa tena. "Twende, kaka, tutachelewa."

"Orrin. Nimekuuliza."

"Unajua kwa nini. Usinifanye niseme."

"Sema."

"Watu wa bima," Orrin akasema, akitazama viatu vyake. "Walikataa kukukatia bima. Pruitt akawaomba, wakampa sharti moja: mfishe kwanza. Wakishakuwa na kifo chako kwenye mkebe wa filamu, ukianguka siku yoyote picha haipotei. Watakata tu kurasa zilizobaki, waende moja kwa moja kitandani. Hakuna maharamia."

Merrill akakaa kwenye ukingo wa kile kitanda. Desturi ile aliijua. Kila mtu mjini aliijua. Miaka ya nyuma walimfanyia mzee mmoja aitwaye Haverty, mlevi mwenye sauti ya kinanda, na Merrill mwenyewe, wakati huo kijana wa kung'aa, alisimama mgahawani akasema Haverty amezikwa ili msiba upate tarehe nzuri. Watu walicheka mpaka wakagonga meza. Sasa akajiuliza ni nani mgahawani aliyetoa mzaha kama ule juu yake.

"Wote wanajua?"

"Hata muuza kahawa."

Aliona aibu, kisha hasira, na hasira ikamfaa kuliko mtindi. Akaapa hatakufa kabla ya kurasa zake. Akaanza kutembea vilimani asubuhi kabla ya kazi, akala nyama, akala machungwa, akalala saa moja jioni siku za mapumziko kama mtoto mchanga. Mikono ikatulia. Asubuhi moja akamimina kahawa, na kikombe hakikulia. Akakitazama kwa hofu, maana mtu aliyezoea mabaya haamini jema likija bila kubisha hodi.

Na hapo ndipo balaa lenyewe lilipoanza, balaa ambalo hakuna mtu wa bima aliyeliwaza. Walipiga hesabu ya Merrill akizidiwa. Hakuna aliyepiga hesabu ya Merrill akipona.

Wa kwanza kuona alikuwa Bi Adele Finch, mama aliyekaa kando ya kamera na picha zake ndogo, kazi yake kuhakikisha kwamba tai iliyofungwa leo inafanana na tai iliyofungwa juma lililopita. Alimjia Merrill na shati la jaji mkononi.

"Bwana Stroud, baba, samahani. Kola haifungi tena."

"Nimenenepa?"

"Umependeza," alisema yule mama, na uso wake ulikuwa wa msiba. "Ndiyo shida yenyewe."

Jaji alitakiwa adhoofike ukurasa kwa ukurasa mpaka afike kwenye kitanda kile, uso wa majivu, macho yamezama. Badala yake alikuwa akichanua. Mpambaji alimpaka vivuli mashavuni, lakini kamera ikikaribia, vivuli vilionekana kama masizi ya sufuria. Mtayarishaji alitazama picha zilizopigwa jana yake, akawasha sigara, akauliza gizani, "Huyu anakufa kwa ugonjwa gani? Shibe?"

Tangu siku ile Pruitt akaanza mbinu zake. Kwanza akasogeza saa za kazi, Merrill asubiri tangu alfajiri na asiitwe hadi mchana, akichemka ndani ya joho. Merrill akavumilia. Kisha akamwalika chakula cha mchana nyumbani kwake, na pembeni ya sahani ya Merrill kulikuwa na bilauri iliyokwisha kumiminwa mvinyo. "Mpishi amejisahau," Pruitt alisema, wala hakuiondoa. Merrill akala nyama yote akiangalia dirisha, akaondoka bila kujua alikula nyama ya nini.

Kisha chupa. Aliikuta kwenye chumba chake cha kuvalia, juu ya meza ya kioo, kati ya poda na kitana. Wiski nzuri, ile ile aliyokuwa akiipenda. Haikuwa na kadi. Alisimama mlangoni muda mrefu, mkono kwenye kitasa, akiogopa kuingia na kuogopa kuiacha. Mwishowe akaingia kama mtu anayeingia chumba chenye nyoka, akaimwaga kwenye sinki na huku amejibana pua. Hata hivyo harufu ilimwingia mdomoni akaitambua kwa ulimi. Akalia kwa hasira.

Baada ya siku chache akaikuta nyingine.

"Nani anaingia huku?" alimfokea Orrin. "Ufunguo tunao wawili tu!"

"Wafagiaji wanao," akajibu Orrin. "Walinzi wanao. Mji mzima una funguo, kaka. Tulia."

Asubuhi yake Merrill alimwendea Pruitt moja kwa moja, mbele ya mafundi.

"Chumba kipo," akasema. "Usinidanganye, nimekiona. Nipe kitanda changu nife upya. Uso huu nilio nao, sauti hii. Halafu kila kitu kitaungana, na mtaacha kunitegea mitego kama panya."

Pruitt akamgeukia. "Mitego gani?"

"Leland, usijifanye hujui."

"Sawa," Pruitt akasema. "Leo hii. Nikupe hata saa nzima."

Turubai likatolewa. Merrill akalala kwenye kitanda kile akiwa na akili timamu, pumzi timamu, na ufundi wote wa miaka kumi na tano. Alijua wapi sauti ipasuke. Alijua wapi mkono ulegee. Alikata pumzi palepale ilipokatika mara ya kwanza, akamtazama muuguzi kama mtu aliyesahau yuko wapi, na alikumbuka vizuri kabisa yuko wapi. Pruitt akasema kata. Mafundi wakasema, "Safi, Bwana Stroud, safi sana." Yule mwenye shingo ya fahali aliteremka ngazi akiulizia kama mgahawani kuna maharage ya pilipili.

Kesho yake mchana wakaketi kwenye chumba kidogo cha kutazamia, Pruitt, Merrill, na Orrin kwenye kiti cha nyuma karibu na mlango. Wakaonyeshwa vifo vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

Kilitangulia kile cha pili. Merrill akajiona, akajipenda, akahesabu kimoyomoyo yale aliyoyafanya vizuri. Kilikuwa kifo cha mwigizaji hodari. Kisha wakaonyesha cha kwanza. Mtu aliyekuwa juu ya kitanda hakufanya chochote vizuri. Alishikilia ukingo wa kitanda kana kwamba dunia inainama. Alitaka jambo fulani na hakuweza kulikumbuka. Merrill alisahau kwamba ni yeye, akatamani mtu amshike yule maskini mkono.

Taa zikawashwa. Pruitt hakugeuka.

"Mimi sitasema," alisema. "Wewe ndiye unayeijua kazi. Kipi?"

Hapa ndipo angeweza kusema uongo. Nani angembishia? Neno moja, "cha pili", na picha ingeungana, na kurasa zake tatu angezipata juma lijalo akiwa na mashavu mekundu. Alifungua mdomo kulisema. Lakini mtu anaweza kumdanganya mkewe, na daktari, na Mungu wake, asiweze kuudanganya ufundi wake. Ndiyo heshima ya mwisho aliyokuwa nayo Merrill Stroud, nayo ilikuwa ikimpeleka kaburini.

"Cha kwanza," akasema.

Pruitt akaitikia kwa kichwa taratibu, akainuka, akampigapiga begani akielekea mlangoni. "Kufa kufaana," alisema, kwa upole kabisa. "Juma lijalo tuko kwenye ngazi. Naamini utakuja ukiwa unafanana na yule wa kitandani."

Ruhusa ilikuwa imetoka mdomoni mwa Merrill mwenyewe.

Chupa ya tatu ilikuwa mezani alipofika chumba cha kuvalia, na safari hii bilauri iliwekwa kando yake. Merrill hakuimwaga. Aliketi mbele yake na kuitazama. Alifikiria kwa utulivu uliomtisha. Siku chache tu za kunywa, asingehitaji nyingi. Uso ungerudi wenyewe, ulijua njia. Angesema zile kurasa tatu na ule uso, na watu hawangezisahau maisha yao yote. Baada ya hapo, mchonga majeneza. Je, kuna waigizaji wangapi waliowahi kupata hata kurasa tatu? Mkono ulikwenda ukashika shingo ya chupa. Ulikuwa umetulia tuli.

"Mimi ndiye niliyeiweka," Orrin akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Hii?"

"Zote. Pruitt aliniahidi uhusika katika picha ijayo. Wa kusema maneno, Merrill. Miaka yote hii nimesimama kwenye taa zako nikichomwa utosi, sijawahi kusema hata 'Habari ya asubuhi' mbele ya kamera." Akaikunja kofia. "Nilijiambia utamwaga. Ya kwanza ulimwaga, nikafurahi, wallahi nilifurahi. Ya pili pia. Leo nimekuona ulivyosema 'cha kwanza', nikajua hii huimwagi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Merrill alimtazama mtu aliyemkaangia mayai asubuhi ileile, na alitaka kumpiga, na alitaka kumwangukia shingoni, na kati ya mawili hayo hakufanya hata moja. Aliogopa tu. Kama Orrin naye yumo, basi hakukuwa na mtu hata mmoja katika banda lile, wala katika mji ule, ambaye kupona kwake kulimfaa. Palikuwa na mmoja tu, na huyo alikuwa ameshika chupa.

Akaiachia.

"Vaa joho langu," akasema.

"Nini?"

"La jaji. Lile la ngazi. Vaa, kisha nifuate."

Pruitt alikuwa kwenye ukumbi wa hoteli ya kubandika, akipima ngazi kwa macho, mwanasesere wa mbao akiwa mahali pa binti. Aliwaona wakija wawili, mmoja na koti la mitaani, mwingine na joho, mabega yaleyale, upara uleule, na kwa sekunde moja hakujua yupi ni yupi.

"Ulinifisha siku ya kwanza ili picha iweze kuishi bila mimi," Merrill akasema. Sauti ilimtetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Haya basi. Iishi. Huyu atapanda ngazi, kamera ikimwona mgongo tu. Binti atabaki chini akimwita, naye hageuki, hasemi kitu. Kisha nenda kitandani. Kifo unacho, na ni kizuri, nimekusaidia kukichagua."

"Na kipande cha msamaha?"

"Kikate."

"Kile ndicho ulichokuja kufanya! Uliniambia mwenyewe ulilia jikoni!"

"Nililia. Kikate."

Pruitt akavua miwani. "Ukitoka kwenye banda hili kabla ya siku ya mwisho, Merrill, hakuna bima itakayokugusa tena. Si hapa, si popote. Hakuna picha bila bima. Unaelewa unachomaliza?"

"Naelewa."

Mwongozaji akageuka, akaitazama ngazi, akamtazama Orrin ndani ya joho. Merrill akaona jambo ambalo alilitarajia na bado likamchoma. Macho ya Pruitt yalianza kuwaka. "Bila msamaha," akanong'ona. "Anapanda tu. Hamjibu." Akapiga kofi moja la ghafla. "Mwanaharamu wewe, ni bora zaidi! Orrin! Panda nikuone. Polepole. Usiwe na haraka ya kufa."

Orrin alisimama kwenye ngazi ya kwanza akamgeukia Merrill, macho mekundu. "Kaka..."

"Usigeuke," Merrill akamwambia. "Hageuki. Huo ndio uhusika wako. Shika ukuta kwa mkono wa kushoto, magoti hayamsaidii."

Kengele ikalia, taa nyekundu ikawaka juu ya mlango, na Merrill akatoka kabla hawajaufunga.

Nje kulikuwa na jua la mchana mweupe na watu wa picha nyingine wakila mikate chini ya kivuli cha lori. Alitembea hadi getini peke yake. Mlinzi, mzee mnene aitwaye Dutch, alitoa kichwa kwenye kibanda.

"Mapema leo, Bwana Stroud! Kesho saa ngapi?"

"Kesho sipo, Dutch. Nimekufa."

"Ahaa! Lini?"

"Sasa hivi."

"Hongera zako!" Dutch akacheka, maana ndivyo walivyosemezana watu wa kazi ile mwigizaji akimaliza sehemu yake. "Basi wahi hapo ng'ambo kwa Mulvaney. Aliyekufa hanunui, mafundi ndio wanaonunua. Wakitoka watakukuta."

Mlango wa baa ya Mulvaney ulikuwa wazi mkabala wa geti. Ndani kulionekana kiza cha ubaridi, na feni ikizunguka, na mtu akisugua bilauri. Ulimi wa Merrill ukawa mzito mdomoni. Hakuwa na kazi ya kuamkia kesho. Hapakuwa na mtu wa kumkaangia mayai, wala kurasa tatu za kumshikilia asianguke, wala mtu wa bima wa kumkasirisha. Alitambua kwa hofu kubwa kwamba picha ile, pamoja na mitego yake yote, ndiyo iliyokuwa imemsimamisha, na sasa ameiacha nyuma ya geti.

"Waambie wanywe kwa niaba yangu," alimwambia Dutch.

Akageukia kulia badala ya kuvuka, akatembea hadi kituo cha tramu, akasimama kwenye foleni kati ya mama mwenye kapu la mboga na askari wa majini aliyekuwa akimkodolea macho bila kumtambua. Mikono ilikuwa imeanza tena kutetemeka, akaitia mifukoni. Aliogopa jioni ile. Aliogopa kesho, na keshokutwa, na Jumapili, siku ya nyumba tupu, ndiyo aliiogopa kuliko zote. Lakini Jumapili jaji hangekuwepo, na yeye angekuwepo.